Lenzi ya Bilauri Juu ya Ukuta wa Utangi

Zama zile miji ya mawe ilipokuwa na wafalme wake, mji wa Utangi ulizingirwa na majeshi ya Amiri Hamdani. Malkia Mwana Tamima alikuwa na tumaini moja tu: nduguye, aliyekuwa akija na watu wa mikuki kutoka bara. Walikuwa wameahidiana kushambulia pamoja jioni ya mwezi mwandamo. Ambaye angetoka peke yake angeangamia.

Amiri akapata habari. Akachoma mashamba yote ya magharibi, moshi ukaifunika mbingu ya Utangi ili mwezi usionekane mjini.

Ndipo Somoe binti Athmani, mchongaji wa vioo vya bilauri, akaitwa ngomeni. Jemadari Kombo alimpa darubini yake, yenye lenzi nene iliyotuna kama jicho la samaki.

"Hii hukuza kuliko zote," alisema kwa fahari.

Somoe akachungulia bendera ya adui. Kingo zake zilikuwa zimevurugika, zimezungukwa na utepe mwekundu na wa samawati.

"Inakuza, Jemadari, lakini mbinuko wake mkali unaitawanya nuru, kila rangi inakwenda kwake. Mwezi mwembamba utapotelea humo. Nitachonga lenzi iliyobinuka kidogo tu, ili nuru ikutane mbali, mahali pamoja."

"Mbali kiasi gani?"

"Bomba lake litakuwa refu kama mnazi. Nalo litasimama ukutani."

Ukutani ndiko mishale ilikoangukia.

Jioni ya mwandamo bomba likapandishwa. Mara jiwe la kombeo likavunja nguzo iliyolishikilia. Kombo akatupa ngao yake, akalibeba bomba begani. Mshale ukamchoma mkono, asitikisike.

"Tazama, binti Athmani! Tazama!"

Somoe aliona moshi tu. Kisha, katikati yake, ukingo mweupe, mwembamba kuliko uzi, safi, usio na utepe wowote.

"Umeandama! Wallahi, umeandama!"

Siwa, pembe ya kifalme, ikalia. Malango yakafunguka, watu wa Utangi wakamwagika nje, na wakati uleule mikuki ya bara ikawashukia maadui kwa nyuma. Haikufika isha Amiri akawa amekimbia, ameacha mahema na ngoma zake.

Kombo, mkono umefungwa kitambaa, akarudi ukutani. "Vita vimekwisha. Sasa tazama unachokitaka wewe."

Somoe akaielekeza darubini kwenye nyota ya Zohali, akacheka kwa sauti. "Ina pete, Jemadari! Imevaa pete!"

Kombo akainama kuchungulia, akasahau maumivu yake. Alikawia hapo hata Malkia mwenyewe akapanda ngazi, akasimama nyuma yake kungoja zamu.