Kuku Aliyeinua Mguu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Asya alisimama nyuma ya gari la mizigo la baba yake, Mzee Haroub, uani kwao Mgogoni. Akipiga bodi kofi moja, baba alirudi nyuma. Akipiga mawili, alisimama. Msimu wa karafuu kazi hiyo ilihitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa majamvi ya karafuu zilizoanikwa yalijaa uani, na mdogo wake Ishak, mwenye miaka mitatu, hakuchoka kufukuza kuku waliokuja kuzichakura.

Jumamosi moja baba alimleta Fundi Nyange kutoka Konde ili aifunge kamera ya nyuma. Kamera ilikaa juu ya kibao cha namba, na kioo kidogo cha kuonyesha picha yake kikawekwa mbele ya dereva.

"Picha inapita hewani, haihitaji waya," Fundi alieleza, "lakini kamera yenyewe inatumia umeme wa taa ya kurudi nyuma. Asya, una mikono midogo. Unganisha nyaya hizi mbili ndani ya taa, kisha uzifunge tepu sawasawa."

Asya alizisokota nyaya. Tepu ilikuwa mbele ya gari, na rafiki yake Shamima alikuwa akimwita wakacheze. Akaifunika taa hivyo hivyo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Fundi."

Picha ikatokea. "Binti yako fundi huyu," Nyange alimsifu. Baba akacheka. "Basi mpiga kofi wangu amestaafu."

Jioni baba aliijaribu tena kuwaonyesha majirani. Picha iliganda kidogo, kisha ikarudi. Asya peke yake ndiye aliyeona. Alifungua mdomo, akazikumbuka zile sifa, akaufunga.

Jumatatu asubuhi alikaa mbele, pembeni ya baba. Hakuna aliyesimama nyuma. Baba akaingiza gia. Kwenye kioo alionekana kuku mweupe ukingoni mwa jamvi, ameinua mguu mmoja. Gari likatikisika, likaanza kurudi polepole.

Asya alimtazama kuku yule. Mguu haukushuka.

Mara kuku mweupe, yule yule, akapita mbio chini ya dirisha lake akipiga kelele. Kwenye kioo bado alisimama, mguu juu. Nani alikuwa amemfukuza?

"Baba, simama. Picha imeganda. Ishak yuko nyuma."

Baba alikanyaga breki, akashuka mbio. Ishak alikuwa amechutama akiokota karafuu zilizomwagika, hatua moja tu kutoka kwenye gurudumu. Alitabasamu. "Nimemfukuza, Baba."

Baba alimbeba, akamkumbatia kifuani.

"Sikufunga tepu, ndiyo maana nyaya zinaachana," Asya alisema huku akilia. "Nilimdanganya Fundi. Na juzi niliona picha inaganda, nikanyamaza."

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa ametoka jikoni. Alimshika bega.

"Mwanangu, tepu ni kosa dogo. Ungelisema juzi, lingelirekebishwa kwa dakika mbili. Kulificha ndiko kulikotaka kumuua mdogo wako. Kazi ikiwa nusu, sema ni nusu, hata mbele ya aliyekusifu. Na sisi wakubwa tumekosea. Tulikiamini kioo, tukaacha kutazama kwa macho yetu."

Mchana Fundi Nyange alirudi. Asya alizifunga nyaya mwenyewe, kisha akamwita azikague kabla ya kuifunika taa.

Kesho yake picha ilikuwa safi kabisa. Hata hivyo, Asya alisimama nyuma ya gari, akiwa amemshika Ishak mkono. Akayatazama majamvi yote, moja baada ya jingine, ndipo akapiga bodi kofi moja.