Kifuniko cha Shimo la Mwenga

Adolphine aliliona tundu lile asubuhi, kabla hajaketi vizuri. Jana yake aliacha kwenye kompyuta mchoro wa bamba la chuma lenye matundu kingoni tu. Sasa katikati palikuwa na lingine, jeusi.

"Papa Apollinaire, nani ameongeza hii tundu?"

"Ni weye tu unajua ile mashini," mwenye karakana akajibu. "Futa. Patron Stanislas anangoja kifuniko yake."

Stanislas, tajiri aliyeagiza kifuniko, alikuwa na shimo la dhahabu kule Mwenga. Lilikuwa limeporomoka. Wachimbaji, alisema, walikuwa wamekwishakimbilia Shabunda, naye alitaka kulifunga tu. Matundu ya skrubu yawe na midomo iliyopanuka kama faneli, vichwa vizame vilingane na chuma, koleo lisipate pa kushika.

Adolphine akafuta, akaanza kupanua mdomo wa tundu la kwanza. Akaandika upana, akaandika kina. Namba ya kina ikajibadilisha. Akaiandika tena, ikakua tena, ikapita unene wa bamba, na tundu likazidi kuzama ndani ya kioo huku mvua ikipiga mabati na harufu ya udongo mbichi na jasho la watu wengi ikimjaa puani, mpaka akasikia kucha zikikwaruza, kisha kikohozi, kisha sauti ya mwanaume, kavu, karibu sana.

"Musitufungie. Niko Xavier, bwana ya Rosalie. Tuko huku chini."

Adolphine alimjua Rosalie: muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Cimpunda, aliyechekwa na majirani kwamba mumewe amemtoroka.

"Umechoka," Apollinaire alinong'ona, akikwepa kutazama kioo. Akachukua bamba, akaenda kulitoboa mwenyewe. Keekee ya kutobolea ikazama yote katika chuma kisichozidi unene wa kidole, wala meza iliyokuwa chini yake haikuguswa. Maji ya matope yakabubujika. Akazima mashine, akaingiza kidole apapase.

"Adolphine," akasema polepole, "kuna mutu ananishika."

Walipofaulu kukichomoa, kidole hakikuwa na ukucha wala ngozi.

Shangazi yake Adolphine, Nsimire, aliyejua dawa na sala, aliletwa. Aliinama juu ya bamba, akasikiliza, akakunja tena majani yake.

"Hawa sitawafukuza. Wanaomba mulango. Enda uambie bibi zao, mutoto wangu. Ukinyamaza, watapitia kwako."

Adolphine alipanda Cimpunda akiwa amelowa. Rosalie alimsikiliza bila kuacha kugeuza samaki juu ya moto. Akafuta mikono.

"Nilijua hakunitoroka," akasema, akaingia ndani kutafuta jembe.

Rosalie na wajane wenzake walipanda lori hadi Mwenga, Adolphine akiwa kati yao. Walichimba wakipokezana, bila wimbo. Wakamkuta Xavier na wenzake wameketi wameegemea ukuta, wamekauka, vidole vimeliwa na mawe. Wakawatoa mmoja mmoja, kila mke akimwita wake kwa jina.

Chini yao wote, penye mawe ambayo hayakuwa yameguswa na mtu tangu shimo liporomoke, alilala mwanaume mwingine, kinywa kimeshindiliwa udongo. Rosalie alimgusa shingo, akarudisha mkono haraka.

"Bado iko moto," akasema.

Walimgeuza. Alikuwa Stanislas. Adolphine aliporudi Bukavu, Apollinaire alimwambia kwamba asubuhi ya siku ile ile waliyochimba, patron alipita karakanani kudai kifuniko chake, akaingia chumba cha kompyuta kukitazama, na hakutoka.