Picha Ishirini za Giza

Sikusimuliwa. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo.

Mume wake alikuwa mpiga picha za harusi, lakini roho yake yote ilikuwa angani. Jioni ile tulikula, tukataniana, dada akanionyesha nguo za mtoto. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Akaenda kulala. Mimi nikapanda juu ya paa na shemeji, ingawa hatukuwahi kuiva chungu kimoja.

Alipiga picha za nyota mpaka saa nane usiku, kama alivyofanya mwezi mzima, kompyuta ikiwa magotini. Kisha akaifunika lenzi kwa kifuniko chake.

"Sasa napiga ishirini za giza tupu," alisema. "Kasoro za kamera zinajitokeza humo. Kompyuta inazitoa zote kwenye picha za nyota, anga linabaki safi."

Ya kwanza ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ya tatu ilionyesha kitanda, kimetazamwa kutoka juu.

Dada alikuwa amelala kiubavu, mkono juu ya tumbo.

Nikaigusa lenzi. Kifuniko kilikuwa palepale.

Ya nne, dada amefumbua macho. Anatutazama. Ya tano, mdomo uko wazi.

"Zima!" nikanong'ona.

"Nikikatiza, kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji."

"Shemeji, huyo ni mkeo!"

"Ni kasoro tu. Itatolewa."

Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Nikashuka ngazi mbio, nyuma yangu vidole vyake vikibofya kompyuta.

Chumba kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nikauvunja mlango kwa bega. Blanketi lilikuwa limeinuka, umbo la mtu, umbo la tumbo. Likashuka taratibu mbele ya macho yangu. Nikalivuta. Hapakuwa na mtu.

Polisi walimweka shemeji ndani wiki tatu, wakakosa la kumshika, wakamwachia. Picha yake ya nyota bado anayo, na watu wanaisifu. Haina doa hata moja. Laiti ningemsukuma kutoka juu ya paa lile.

Kitanda cha dada tulikihamishia kwetu, na mama amebadilisha godoro mara mbili. Bonde alilolala dada hurudi palepale, na ukiweka mkono, lina joto. Jana nimekuta jingine kando yake, dogo, halizidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Nalo lina joto.