Maneno ya Bendera ya Walubengo

"Nisomee tena," Namalwa alisema, akaisukuma simu juu ya kaunta.

Mungai aliitazama ile picha kama mtu aliyeonyeshwa panya kwenye supu.

"Saa hii? Kuna wateja."

"Kuna mteja mmoja na anachagua side mirror. Soma."

Ilikuwa picha ya bendera ya Japani ya zamani. Kitambaa kilikuwa cheupe wakati fulani, sasa kimegeuka rangi ya chai. Katikati kulikuwa na duara jekundu, na pande zote za duara maandishi meusi ya mkono. Babu yake Namalwa, marehemu Walubengo, askari wa Keya, jeshi la wakoloni Waingereza, ndiye aliyerudi nayo kutoka vita vya Burma.

Mungai aliwahi kuishi Japani miaka kadhaa akifungua magari mabovu, na sasa anauza spea hapa Eldoret, kwa hivyo Kijapani kinampanda. Ndiyo maana siku alipokwenda kujitambulisha kwa kina Namalwa huko Moi's Bridge, Mzee Mabonga, baba ya msichana, alimtandikia bendera mezani hata kabla ya chai.

Mzee alikuwa ameapa kwamba binti yake hataolewa na Mkikuyu, hata awe mchungaji. Siku ile kiapo kilivunjika. Mungai aliinama, akafuata maandishi kwa kidole, akasoma: "Kwa Walubengo, simba wa Burma. Sisi maadui wako tunakuheshimu." Mzee alilia machozi. Wazee wenzake walipiga makofi, na kijana akaongezewa kuku. Alipoaga, alikuwa anaitwa mkwe.

"Unajua Baba anajengea Babu kaburi Jumamosi," Namalwa aliendelea. "Anataka hayo maneno kwa simiti. Ya Kiswahili na ya Kijapani. Nimekuomba uniandikie hiyo ya Kijapani, wiki yote unaniambia 'nitaangalia'. Nikaona nitume kwa Sylvia."

"Sylvia gani?"

"Wa college. Anafanya kazi na Wajapani huko Nairobi."

Mungai aliketi polepole juu ya tairi. Namalwa aliuona uso wake, akajua jibu kabla ya kuuliza. Hata hivyo alimsomea ujumbe wote, neno kwa neno:

"Pole dear kwa kuchelewa. Workmate wangu ameshindwa, anasema ni mwandiko wa brashi wa kitambo, vijana wao siku hizi hawaujui. Amemtumia mamake huko kwao, naye akakaa nayo siku kadhaa na miwani. Hayo maneno makubwa ni ya kumtakia kijana bahati vitani. Kijana anaitwa Sakai Yoshio. Hayo mengine ni majina ya majirani na jamaa waliomuaga. Kwa kona kuna jina la msichana, Fumi, limeandikwa dogo sana. Hakuna mahali pameandikwa jina la babu yako. Hiyo story mlitoa wapi?"

Mteja alirudisha side mirror mahali pake, akatoka bila kununua.

"Ulijua?" Namalwa aliuliza.

"Zile herufi ndogo zilinishinda. Kubwa niliziona. Jina la Sakai nililiona."

"Ukasema Walubengo."

"Babako alikuwa ananiangalia, Namalwa! Aliniambia, 'Soma vile baba yangu alisifiwa.' Ningemwambia nini? Kwamba hicho ni kitambaa cha maiti? Si angenifukuza hapo hapo? Wewe ningekupata vipi?"

"Kwa hivyo ulinipata na uongo."

Namalwa alimpenda, tena sana, na hilo ndilo lililomuuma. Mtu usiyempenda akikudanganya unacheka, unaenda zako.

"Sikiza," alisema. "Baba simwambii. Utamwambia wewe, na huo mdomo wako. Hiyo simiti ikikauka kabla hujasema, mimi na wewe basi."

Ijumaa mchana Mungai alimwandikia: "Niko Moi's Bridge. Naenda kuongea na mzee."

Baadaye kidogo akaandika: "Nimempata na wazee wa kanisa. Ameniambia nibless chakula. Nimeshindwa babe."

Namalwa alijibu: "Sawa." Wanaume wanaojua wanawake wanaelewa kwamba hiyo "sawa" haikuwa sawa.

Jumamosi hema zilijaa watu. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba sala ndefu mpaka sufuria zikaanza kupiga kelele jikoni. Kituyi, fundi wa kaburi, alikuwa ameshalainisha simiti na kuitandaza vizuri. Mzee Mabonga alimkabidhi msumari mrefu kama anayekabidhi kikombe cha mashindano.

"Andika," alisema.

Kituyi alipiga magoti. Akaandika WALUBENGO. Akashuka mstari wa pili, akaandika SIMBA.

Namalwa aliangalia viatu vyake. Alikuwa ameanza kujizoesha maisha bila Mungai, nayo hayakumpendeza.

"Mzee, naomba asiendelee."

Mungai alikuwa amesimama katikati ya wageni, kofia mkononi.

"Kuna nini, mkwe?"

"Nilikudanganya, Mzee. Hiyo bendera haimtaji babako. Ni ya kijana Mjapani aliyeitwa Sakai, aliandikiwa na watu wa kwao akienda vitani. Nilijua siku ile. Nilikuogopa, na nilimtaka binti yako."

Kituyi aliinua msumari kutoka kwenye simiti.

"Toka kwa boma yangu," Mzee alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Namalwa. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Baba. Nilimwambia aseme mwenyewe."

"Basi tokeni wote wawili!"

"Mabonga. Keti."

Aliyesema alikuwa Kukhu, mama yake Mzee, mjane wa Walubengo, aliyekuwa amefunikwa blanketi kwenye kiti cha mbele na kila mtu akidhani amelala.

"Nani alikuambia babako alisifiwa na Wajapani?"

"Yeye mwenyewe, Mama."

"Wacha uongo. Bwanangu alisema aliitoa kwa kifua cha kijana aliyemuua. Alikuwa anamuota mpaka anaruka kwa kitanda. Hiyo ya kusifiwa ni wewe uliambia watoto wa shule ukiwa darasa la nne. Ukarudia, ukarudia, mpaka ukaamini. Babako alikuona umefurahi, akanyamaza."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imetembea tangu utotoni hadi mvi.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Nani aliniuliza? Nyinyi huniuliza kama nimekunywa chai."

Mtu mmoja alicheka kwenye hema la nyuma, akajifanya anakohoa. Kukhu alimnyooshea Mungai mkono uliokonda.

"Huyu amedanganya juzi na leo amesema mbele ya watu, akijua atapoteza bibi. Wewe ungesema lini?"

Mzee aliketi. Alilitazama jina la baba yake kwenye simiti. Kisha akamwambia Kituyi, "Futa hiyo simba."

Kituyi alipitisha mwiko mara moja, simba akaisha.

"Wewe," Mzee alimwita Mungai, ambaye alikuwa ameshafika langoni. "Huyo kijana ana watu wake?"

"Huenda wako, Mzee. Majina ya majirani yako pale. Tukiyasoma yote, tunaweza kutafuta kijiji chao."

"Watafute. Warudishiwe kitu yao. Siku utawapata, uje na wazazi wako tuongee mambo ya mahari. Usije kabla."

Namalwa aliichukua bendera iliyokuwa imetandikwa kando ya kaburi, akaikunja vizuri, akamfuata Mungai nje ya lango.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Hata kidogo."

"Najua, Namalwa. Na hao watu nisipowapata? Miaka yote hii, huenda hata kijiji hakiko."

"Basi utazeeka bila bibi," alijibu, akamwekea bendera mikononi. "Na mimi nitazeeka bila bwana, hapo kando yako, nikikusaidia kutafuta."