Meno ya Mtu Mwingine

Msusi alikanyaga meno. Ngazi za lile jengo la maduka zilikuwa zimefurika watu wanaowahi kazini, naye alikuwa anashuka mbio, simu sikioni, gauni la njano limembana, hereni zikimpiga shavuni. Kitu kikalia kwach! chini ya kiatu. Kutazama, ni ufizi wa waridi wenye meno manne.

"Jamani! Nini hiki?"

"Usisogee, dada. Inua mguu taratibu."

Aliyesema alikuwa mwanamume aliyechuchumaa katikati ya miguu ya watu. Koti lake jeupe lilijaa vumbi la waridi. Mfuko wake ulikuwa umepasuka, na vinywa vya watu vimetapakaa kwenye ngazi.

"Ni ya maiti?"

"Ya watu walio hai. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, ghorofa ya tatu."

"Na mimi nasuka ghorofa ya kwanza. Mungu wangu, mwili wote umenisisimka!"

"Kwa meno au kwa mwenye meno?"

Msusi akacheka huku ameziba pua. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye uchafu wa ngazi.

Fundi alikuwa mpole na kazi yake ilikuwa safi. Ila msusi alipenda kuongea. Alichomeka simu ndani ya kilemba, vidole vikasuka na mdomo ukasema tangu asubuhi.

"Kipenzi, unafanya nini?"

"Nasaga jino."

"La nani?"

"Niache nimalize, mama."

"Ungenipenda usingesema nikuache. Mimi hapa nimeshika kichwa cha mtu na bado naongea na wewe."

Kichwa cha mtu kinasamehe. Msuko ukienda kombo unafumuliwa, unaanza upya. Jino likisagwa zaidi ya kiasi limekwisha. Fundi alilijua hilo, akaanza kufungia simu kwenye droo mpaka mchana. Siku ya kwanza tu, msusi akapanda ngazi na kitana mkononi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo anayekufanya ufunge simu!"

Akachungulia hadi nyuma ya mlango, akakuta ndoo ya plasta. Badala ya kuona haya, akanuna. Na mwanamume mzima, mwenye utaratibu mzuri wa kazi, akaitoa simu kwenye droo kwa sababu ya mnuno. Inatia kichefuchefu.

Kisha mama yake msusi akahitaji meno. Fundi aliyatengeneza kwa moyo wote, madogo madogo, ya kumpendeza mkwe. Siku alipoyamaliza, pembeni yalikuwepo meno ya mzee mmoja mtafuna tumbaku, yaliyoletwa kuungwa ufa. Fundi alikuwa anayafunga yote kwenye makasha mawili simu ilipolia, kwa mara ya ngapi hata yeye hakujua tena.

"Mpenzi, nichukue kitambaa cha kijani au cha buluu?"

"Cha buluu," akasema, simu ameibana kwa bega. Mikono yake ikayatia meno ya mama kwenye kasha la mzee, na ya mzee kwenye kasha la mama.

Mama alipoyavaa nyumbani, alikunja uso. "Huku yananibana, huku yanacheza. Halafu yana ladha ya tumbaku."

"Mama, kitu kipya lazima kisumbue," akasema msusi. " Vumilia, utazoea."

Mama wa watu akavumilia. Akayalia chakula, akalala nayo, hadi kesho yake mzee alipopanda ghorofa ya tatu akitukana. Fundi akaona giza. Akampigia msusi.

"Mwambie mama ayatoe sasa hivi. Si yake."

"Ni ya nani?"

"Ya mzee mmoja."

"Amewahi... kuyavaa?"

"Miaka mingi."

Msusi aliachia nywele za mteja, akakimbilia sinki la kuoshea vichwa, akatapika.

"Na ya mama?" akauliza aliporudi kwenye simu.

"Mzee ameyavaa."

"Usinipigie tena, mchafu wewe!"

Nyumbani, mama alisugua ufizi kwa chumvi hadi ukatoa damu. "Nimekula kwa kinywa cha mwanamume nisiyemjua," alilia, akigeukia ukuta. "Hata baba yako, Mungu amrehemu, nilikuwa namwambia asukutue kwanza."

Siku kadhaa msusi alimtukana fundi kwa kila aliyekaa kwenye kiti chake. "Mtu hana umakini hata kidogo! Sijui akili yake ilikuwa wapi."

"Kwako," akajibu mteja mmoja. "Siku ile nilikuwa hapa hapa unanisuka. Si wewe uliyekuwa unamuuliza mambo ya kijani na buluu?"

Msusi akamaliza kumsuka. Baadaye akampigia fundi. Hakupokea. Akapiga tena, wapi. Akapanda ngazi kwa hasira, simu sikioni.

Alimkuta fundi ameinama chini ya taa. Mezani palikuwa na meno ya mtu mmoja tu, mengine yote yamefungiwa kabatini. Simu ilikuwa inanguruma ndani ya droo.

"Simu yako inalia."

"Naisikia."

"Ni mimi ninayepiga!"

"Kaa hapo. Nayamalizia ya mama, nimeanza upya."

Alikaa. Harufu ya nta iliyoungua ilimwingia puani, vumbi la waridi likamkaa kooni. Mara tatu neno lilimfika mdomoni, akalimeza kama dawa chungu. Fundi alisaga, akafuta, akatazama kwenye mwanga, akatia kwenye kasha. Akanawa mikono, akakaa mbele yake.

"Haya. Sasa nakusikiliza wewe tu."

"Nisamehe," akasema msusi. "Ni mimi niliyekusumbua."

"Na mimi nilishindwa kukukatalia. Ningekukatalia, mama asingekula tumbaku."

"Usinikumbushe, nitatapika!"

"Nataka kukuoa. Lakini saa za kazi sipokei simu yako, hata tukishaoana."

"Nikiugua?"

"Tuma mtu apande ngazi."

"Nikikukumbuka?"

"Panda mwenyewe, ukae hapo. Kimya."

"Sijawahi kusikia posa mbaya kama hii." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mama akiyakubali hayo meno, na mimi nimekubali."

Jioni mama aliyanusa, akayageuza, akayanusa tena. "Nani ameyavaa haya?"

"Hakuna, mama," akasema fundi, amepiga magoti.

Akayavaa. Akang'ata hewa, akapitisha ulimi huku na huku.

"Muoane," akasema mwisho. "Ila yule mzee asialikwe."