Jaketi la Kupwaya

Jua lilikuwa limesimama utosini na soko la mitumba limefurika watu, na katikati ya joto lote hilo alisimama mwanamume mmoja amevaa jaketi la baridi, zipu imefungwa hadi kidevuni, kofia yake kichwani, jasho linamchuruzika puani. Alikuwa anajitazama kwenye kipande cha kioo kilichoegemezwa kwenye nguzo ya kibanda. Fundi cherehani alikuwa amekuja kununua zipu tu, na siku hiyo hakuwa na haja na mwanamume yeyote. Alipita, akamwona, akacheka kwa sauti.

"Dada, mbona unanicheka?"

"Sikucheki wewe, kaka. Nalicheka hilo godoro lililokuvaa."

Mwenye kibanda, ambaye soko zima lilimwita Baba Jaketi, alisogea haraka. "Mama, usinifukuzie mteja. Kijana huyu anahamishiwa milimani kupanda minara ya simu. Huko juu anavaa mwanamitindo au anavaa mtu wa kazi?"

"Hata mtu wa kazi ana mabega, Baba. Hilo limeyameza."

"Limeyameza ndiyo, linatakiwa liyameze!" Baba Jaketi alishika kifua cha jaketi akakiminya. "Tazama. Ukiminya likajirudisha lenyewe, lina uhai. Likibaki limelala, hilo ni mfuko. Zipu ina ulimi wa kuzuia upepo. Mikononi kuna lastiki. Kitambaa cha nje maji yanateleza. Na lazima lipwaye, ndani ziingie sweta mbili. Joto linakaa kwenye nafasi."

"Joto linakaa kwenye nafasi," fundi alimwigiza huku ameshika kiuno. Siku hiyo alivaa gauni la manjano alilojishonea mwenyewe, limemkaa kama limemwagwa, na futi ya kupimia alikuwa ameisahau shingoni. "Mimi nimekulia kwenye cherehani, Baba. Nguo inayopwaya ni nguo ya kuazima."

Mwanamume alivua kofia. Alikuwa na macho ya mtu anayependa kuchekwa. "Sasa nimsikilize nani? Muuzaji au mcheshi?"

"Msikilize muuzaji, ununue. Halafu ulete mwili kwa fundi."

Alisema kwa mzaha, lakini jioni alipigiwa hodi dukani kwake, na mteja alikuwa amelibeba godoro lake begani.

Kupimwa na fundi unayempendeza si kupimwa. Alipima mabega mara moja, akayapima tena. Alipozungusha futi kifuani mwa yule mwanamume, futi ilikawia hapo, na dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa anapiga pasi kwenye kona, akakohoa kwa makusudi.

"Unapanda minara, huogopi?" fundi aliuliza.

"Juu siogopi. Naogopa chini, kuna watu wanacheka wenzao sokoni."

Tangu hapo alikuwa anapita kila akitoka kazini, mara kifungo kimelegea, mara hana sababu. Yeye akamwita Sindano, naye akaitwa Mnara. Dada mkubwa alizoea kumpisha kiti. Majirani wakajua, kwa sababu mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na siku Mnara alipoletewa taarifa kwamba gari la kazini litampeleka milimani mwisho wa juma, alimshika fundi mkono juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Likizo yangu ya kwanza nakuja kwenu na mama yangu na kaka yangu. Tunakuja rasmi. Utanisubiri?"

Fundi alikuwa ameshona magauni ya harusi za watu hadi akazoea kuyakunja bila kuyatazama. "Nitakusubiri," alisema.

Jaketi alilipunguza kwa moyo wake wote. Alilibana ubavuni, huku na huku, akalipitisha mshono mmoja mrefu mgongoni ili lifuate uti wa mgongo, akatumia uzi mgumu na sindano ya kushonea ngozi. Lilipokamilika, Mnara alisimama mbele ya kioo kama bwana harusi.

"Sweta zitaingia?" aliuliza, akijaribu kuinua mikono.

"Utavaa fulana. Na mapenzi yangu juu yake. Kuna sweta inayoshinda hayo?"

Walicheka. Baba Jaketi, alipoliona barabarani siku ile ya safari, hakucheka. Alipitisha kidole juu ya mshono wa mgongoni. "Mama, umelitoboa," alisema, akaenda zake. Fundi akaona ni wivu wa muuzaji aliyekosolewa bidhaa.

Simu zilianza jioni ileile.

"Haloo, Sindano."

"Abee, Mnara wangu. Kuna baridi?"

"Kuna baridi ya kukata maneno. Hapa nikisema nakupenda linaganda kabla halijafika."

"Litafika tu. Umelivaa jaketi langu?"

"Nimelivaa."

"Apa."

"Haki ya mama nimelivaa! Wenzangu wananionea wivu. Wao wamevaa magodoro."

Kila jioni alimwuliza hivyo, umelivaa jaketi langu, na kila jioni akajibiwa ndiyo. Swali hilo lilikuwa tamu kinywani mwake. Alikuwa akizima cherehani mapema ili ajibiwe kwa utulivu.

Kisha mvua zikaanza huko juu, na sauti ya Mnara ikaanza kuwa fupi.

"Mbona unakohoa?"

"Mafua tu, mpenzi. Nikwambie kesho, mtandao mbaya."

"Mtandao mbaya? Wewe si ndiye fundi wa huo mtandao?"

Alicheka kidogo, akakohoa tena, simu ikakatika. Kesho yake hakupiga. Keshokutwa alipiga, akasema maneno machache, akaaga. Kisha kimya.

Dada mkubwa aliweka pasi chini. "Mdogo wangu, mwanamume akikwambia mtandao mbaya, na mnara ni wake, hapo pana mtu."

"Dada, usianze."

"Sianzi mimi. Ameanza yeye."

Fundi alijitahidi kutoamini. Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, na mara hii ikapokelewa na sauti ya mwanamke, nyororo, ya chini, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

"Amelala."

"Wewe ni nani?"

"Atakwambia mwenyewe akiamka."

"Mimi nauliza wewe ni nani yake!"

"Dada, naomba uvumilie, atakwambia mwenyewe."

Hakuvumilia. Hasira ni hasara, kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu huikumbuka ameshapata hasara. Aliandika, "Baki naye huyohuyo anayekulaza," akatuma, akaifungia ile namba isimpigie tena. Siku chache baadaye ilipigwa namba ngeni. Alisikia ile sauti nyororo ikisema "Dada, tafadhali," akakata, akaifungia na hiyo. Kisha alilia juu ya gauni la mtu, ikabidi alifue upya.

Mvua zikaisha. Alizoea, au alijifunza kuonekana amezoea.

Asubuhi moja alikuwa ameinama anatia uzi sindanoni aliposikia hodi. Sauti aliijua kabla neno halijaisha. Hakuinua kichwa.

"Mafundi wa mtandao siwashonei hapa."

"Sikuja kushonewa. Nimekuja kufumuliwa."

Ndipo akainua macho. Mnara alikuwa amesimama mlangoni amevaa lile jaketi, katika joto lile, na jaketi lilikuwa linampwaya. Lilimning'inia mabegani. Ubavuni, pale alipolibana yeye kwa mkono wake likakaa kama ngozi, ungeweza kupitisha ngumi. Fundi aliujua ule mwili kwa vipimo, na vipimo vilimwambia kila kitu kabla ya mdomo.

"Umekonda," alisema.

"Nililazwa. Homa ya mapafu."

"Na yule mwanamke?"

"Mdogo wangu. Alikuja kuniuguza." Alikaa kwenye kiti cha wateja polepole, kama mzee. "Angekuwa wifi yako."

Dada mkubwa alichukua ndoo tupu akatoka nje bila kuulizwa.

"Kwa nini hakuniambia wewe ni mgonjwa? Ningekuja! Ningekuja kwa miguu!"

"Nilimkataza. Nilijua ukisikia naumwa utauliza nini kimenipata. Na kukudanganya zaidi nisingeweza."

"Nini kilikupata?"

Mnara alivua jaketi akaliweka mezani. Fundi alilivuta, na mikono yake, iliyozoea kusoma nguo, ikaanza kusoma hii. Kwa nje, juu ya kila mshono alioushona yeye, ilikuwa imebandikwa tepu nyeusi ya kufungia nyaya za umeme, imebandikwa ikabanduka ikabandikwa tena. Aligeuza ndani. Doa la maji lilifuata mshono wa mgongoni kutoka shingoni hadi chini, na pamba ilikuwa imegandamana vidonge vidonge. Kitambaa kilichokuwa kikitelezesha maji, yeye alikichoma sindano kutoka juu hadi chini, na kila tundu likawa mlango.

"Tepu hii uliweka lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Ulijua tangu mvua ya kwanza?"

"Nilijua. Maji yalikuwa yanaingia mgongoni nikiwa juu, na huwezi kushuka kazi haijaisha. Na sweta haikuingia ndani."

"Sasa kwa nini hukulitupa? Kwa nini hukununua jingine, hata la kuazima?"

Mnara alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ulikuwa unaniuliza kila jioni kama nimelivaa."

Fundi aliziba mdomo kwa viganja viwili. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Haya hayakusubiri uzee, yalikuja yakakaa palepale kati yao, na yeye akalia bila kujificha, machozi yakidondokea ile tepu nyeusi.

"Nisamehe. Mnara, nisamehe. Ni mimi niliyekulaza."

"Hilo nimesamehe zamani. Ulinishonea kwa mapenzi, nami nikalivaa kwa mapenzi, wajinga ni wawili." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamzuia. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena. "Lakini siku nilipopata nguvu ya kushika simu, namba ya kwanza ilikuwa yako. Ikawa haiingii. Nikafikiri ni mtandao, nikacheka mwenyewe kitandani. Mdogo wangu akapiga kwa simu yake. Ukakata. Nilikuwa nasikia, Sindano. Simu alikuwa amenishikia sikioni mimi."

Fundi alifuta machozi kwa kiganja.

"Tuanze upya," alisema. "Nitakuja mimi kwenu. Nitamwomba mama yako msamaha kwa magoti."

Mnara alitazama mikono yake. "Daktari amekataza minara. Nakwenda kukaa na kaka, nimsaidie dukani. Nakupenda, sikufichi. Ila nikikutazama nasikia baridi. Si kwamba nimechukia, mwili wangu tu umeshika hivyo. Labda utaachia siku moja. Siwezi kukufunga uisubiri siku hiyo."

"Na hili jaketi?"

"Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu hana la maana. Ana mwili kama niliokuwa nao. Nilitaka ulifumue nimpelekee kabla sijaondoka."

Fundi alichukua wembe, akakata nyuzi za kwanza, akasimama. Aliliinua lile jaketi kwenye mwanga wa mlango. Pale uzi ulipotoka, jua lilipenya kwa safu ndogo ndogo.

"Halifumuliki," alisema. "Uzi nitautoa, matundu yatabaki. Twende kwa Baba Jaketi."

Walitembea sokoni bila kushikana mikono. Baba Jaketi alimwona Mnara, akamtazama kuanzia mabegani hadi miguuni. Aliwashushia mzigo wote mezani. Fundi alichagua polepole. Aliminya kifua cha kila jaketi akasubiri kuona kama litajirudisha. Alivuta zipu, akapapasa ulimi wake, akanyoosha lastiki za mikononi, akaomba maji kidogo akamwagia begani kuona kama yatateleza. Alilopata mwisho lilikuwa rangi ya matope, pana kuliko yote.

"Vaa."

Mnara alivaa. Lilimmeza karibu hadi magotini, akatokeza kichwa tu, jasho likaanza puani. Akajitazama katika kile kipande cha kioo.

"Leo hucheki, mama?" Baba Jaketi aliuliza kwa upole.

"Leo sicheki, Baba."

Mnara ndiye aliyecheka, kicheko kilekile cha siku ya kwanza, kikakatikia kwenye kikohozi. Fundi alimfungulia zipu, akalikunja jaketi vizuri, akamwekea mikononi.

"Mwambie mwenzako asilipeleke kwa fundi yeyote. Hata akimpenda."

"Nitamwambia."

"Utanipigia ukifika? Nimefungua namba yako."

"Nikifika nitapiga." Alimgusa shavu kwa mgongo wa kidole, mara moja, akaondoa mkono. "Kwaheri, Sindano."

Alimtazama akipotea katikati ya watu, jaketi la matope likiwa kwapani.

Alirudi dukani, akafunga mlango mchana kweupe. Lile jaketi la zamani lilikuwa bado mezani, wembe umelalia mgongoni. Fundi alilichukua akalivaa, akafunga zipu hadi kidevuni, akakaa kwenye kiti cha wateja na simu mapajani, akiloa jasho na machozi. Lilimpwaya ubavuni na mabegani, kama jaketi la baridi linavyotakiwa kupwaya.