Tumeshinda, Mpenzi

"Mzee Leonardi, ng'ombe tumekubaliana. Hilo la binti kubaki hapa Bangwe, tunalikataa," alisema Bonaventura, mshenga wa Theophil.

Mimi, binti mwenyewe, nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa kitandani kwa Mama. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja tu, na huo ndio aliokuwa amenishika.

"Ndugu yangu, ng'ombe niliwapunguzia kabla hamjaomba," Baba alijibu. "Sina ujanja. Mwoeni, ila abaki na mama yake mpaka aweze kuinuka mwenyewe. Nanyi semeni shida yenu, tuitafutie njia pamoja."

"Shida yetu ni moja. Theophil anahamia Dodoma mwezi huu na mkewe. Mkikataa, tunaondoka."

"Heee!" shangazi Honorata akaguna. "Hii ni posa au mnada?"

Baba akakohoa. Akakohoa tena.

"Basi. Mchukueni."

Vidole vya Mama vikanibana. "Mwana wanje, mwanangu," alisema, kisha akageukia ukutani.

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa Theophil, kutoka hapo hapo sebuleni:

"TUMESHINDA mpenzi! Nilimwambia mshenga akaze, mzee atalegea tu."

Nilimpenda mwanaume yule. Kila Jumapili alimlisha Mama uji kwa kijiko, akimwita mrembo wake. Nikamwandikia: "Aliyeshindwa ni nani?"



Nikaitwa mbele ya wazee. Baba aliuliza swali la kuikubali au kuikataa posa, bila kuniinulia macho:

"Winfrida, wageni hawa unawafahamu?"

Theophil alikuwa anatabasamu.

"Hapana, Baba. Siwafahamu."

Jioni alipiga simu.

"Wini, umenidhalilisha! Yale yalikuwa mazungumzo tu."

"Ungeniuliza, Theo. Daktari alisema Mama atapata nafuu baada ya miezi michache tu. Ungetangulia, ningekufuata."

"Najua. Hata bosi alishaniruhusu nichelewe kuripoti."

Nikashusha pumzi.

"Ulikuwa na ruhusa? Umekaa nayo mfukoni, unamtazama baba yangu anavyokohoa?"

"Mambo kama hayo huyatoi mapema, mpenzi. Ukitoa, umeliwa."

"Na nani? Na Mama?"

Nikasikia anapenga kamasi.

"Nakupenda, Wini. Njoo kesho uwaombe radhi wazee wangu, tuanze upya. Neno moja tu."

Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye bakuli la uji wa Mama.

"Nami nakupenda, Theo. Radhi siombi."